Kushirikisha si kushirikiana

Muhula uliopita, katika somo la isimujamii, tulikaa wiki tatu na Kiingereza cha Wamarekani Weusi. Ni mada inayopendwa katika kitivo chetu, na sababu yake si ya kutafuta mbali. Watoto walikuwa wakiambiwa shuleni kwamba wanaongea vibaya, kisha wanaisimu wakaja kuonyesha kwamba usemi wao una kanuni zake, una njeo zake, una mantiki yake. Nani kati yetu aliyewahi kuadhibiwa kwa kuongea Kiswahili katika uwanja wa shule asingefurahia habari hiyo?

Siku ya kurudia masomo kabla ya mtihani nilipitia daftari langu na kuandika pembeni majina yote tuliyofundishwa. William Labov. Geneva Smitherman. Jaji Charles Joiner, aliyeamua mwaka 1979 huko Ann Arbor, Michigan, kwamba shule haiwezi kupuuza lugha ya nyumbani ya watoto Weusi inapowafundisha kusoma. Na wengine. Wote ni maprofesa, isipokuwa mmoja ambaye ni jaji. Mwalimu wa shule ya msingi, yule anayesimama mbele ya watoto hao kila asubuhi, hakuwa na jina hata moja katika kurasa kumi na nane za daftari langu. Katika hukumu ya Ann Arbor yeye anaonekana kama mtu wa kupewa mafunzo: wataalamu wamegundua, sasa mwalimu aketi afundishwe.

Nadai kwamba kukosekana huko si jambo dogo la heshima. Ni kosa la kisayansi. Nitalieleza kwa habari za walimu Weusi wa Marekani, kwa sababu huko ndiko limejadiliwa kwa muda mrefu na kwa uchungu mkubwa zaidi, kisha nitaleta aibu yangu mwenyewe, maana nimelitenda kosa hilohilo hapa Lubumbashi na nikapewa alama nzuri.

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu tulilipita haraka. Katika makala ya Labov ya mwaka 1969 kuhusu mantiki ya Kiingereza kisicho sanifu kuna mtoto wa miaka minane anayeitwa Leon. Anahojiwa, anajibu neno moja moja, ananyamaza. Mtu mwenye haraka angeandika kwamba mtoto hana lugha. Anayehoji ni Clarence Robins, mtu Mweusi aliyekulia Harlem. Yaani rangi peke yake haikutosha. Robins akarudi mara nyingine na mfuko wa chipsi, akamleta rafiki wa Leon, akaketi sakafuni, akaanza kutaja mambo ambayo watoto huyasema pasipo watu wazima. Leon akafunguka, wakawa wanagombania zamu ya kusema. Sisi tulifundishwa kwamba hapo tunajifunza juu ya mazingira ya usemi. Kweli. Lakini kuna swali ambalo hatukuuliza: nani alijua kwamba inafaa kuketi sakafuni? Jambo hilo halikutoka katika nadharia. Lilitoka kwa mtu aliyewajua watoto wale. Na mwalimu wa darasa analo jambo la namna hiyo kwa kila mtoto, mwaka mzima.

Sasa walimu hao wako wapi? Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Kabla ya mwaka 1954, katika majimbo ya kusini ya Marekani, shule za watoto Weusi zilikuwa na walimu Weusi. Zilikuwa shule maskini, zilizonyimwa fedha kwa makusudi. Lakini walimu wake walikuwa na vyama vyao vya taaluma, walisomeana makala, walijadili kazi yao kama watu wa elimu. Carter G. Woodson, ambaye mwenyewe alifundisha shule za sekondari huko Washington kwa miaka, alianzisha mwaka 1937 jarida la historia lililoandikwa kwa ajili ya walimu wa shule. Hakuwatazama kama watu wa kupokea tu. Walimu ndio waliolisambaza, na kazi ya madarasa yao iliingia humo.

Kisha ikaja hukumu ya Brown ya mwaka 1954, iliyokataza shule za kutenganisha watoto kwa rangi. Ilikuwa haki. Ila katika kuitekeleza, watoto Weusi walipelekwa katika shule za wazungu, na walimu wao wakaachwa nje. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kati ya 1954 na 1965 walimu na wakuu wa shule Weusi wapatao 38,000 katika majimbo 17 walipoteza kazi. Fikirini maana yake kwa utafiti. Maktaba nzima ya watu waliojua namna ya kufundisha watoto fulani ilifungwa, na miaka michache baadaye vyuo vikuu vikaanza kutuma watafiti kuuliza: kwa nini watoto hawa hawasomi vizuri? Pengo halijazibwa hadi leo. Katika hesabu za serikali ya Marekani za mwaka wa masomo 2020–2021, walimu Weusi walikuwa kiasi cha 6 kwa mia ya walimu wa shule za umma, na wanafunzi Weusi kiasi cha 15 kwa mia.

Watafiti wa uchumi wamepima pengo hilo. Seth Gershenson na wenzake walitumia data za jaribio kubwa la Tennessee lililoanza miaka ya 1980, ambamo watoto na walimu walipangwa madarasani kwa bahati nasibu. Walikuta kwamba mtoto Mweusi aliyepata walau mwalimu mmoja Mweusi katika miaka ya mwanzo ya shule alikuwa na uwezekano wa asilimia 13 zaidi wa kumaliza sekondari, na asilimia 19 zaidi wa kuingia chuo, kuliko mwenzake ambaye hakumpata. Ni kazi nzuri na siikosoi hesabu yake. Lakini mtazameni mwalimu ndani ya jedwali hilo. Ni moja au sifuri. Yupo au hayupo. Tunajua sasa kwamba kuna kitu alichofanya. Hatujui alifanya nini, wala aliona nini alipokuwa akikifanya. Hilo hesabu haiwezi kulisema, na haikuahidi kulisema.

Aliyekwenda kuwauliza ni Gloria Ladson-Billings. Kitabu chake cha mwaka 1994, The Dreamkeepers, hakipatikani kwa urahisi hapa kwetu, lakini namna alivyofanya kazi yake ingefaa kufundishwa katika kila somo letu la mbinu za utafiti. Alikwenda katika mji mdogo wa kaskazini mwa California, akawaomba wazazi Weusi wamtajie walimu wanaowafaa watoto wao. Akawaomba na wakuu wa shule wataje wao. Waliotokea katika orodha zote mbili ndio aliowafuata. Wakawa wanane: watano Weusi, watatu wazungu. (Naitaja hesabu hiyo kwa wale wanaodhani kwamba hoja hii ni ya damu.) Aliwahoji, akakaa madarasani mwao, akawarekodi kwa video. Kazi ya namna hiyo hata sisi tunaifanya. Lakini hatua ya mwisho ndiyo inayonivutia. Aliwakusanya wote wanane, wakatazama pamoja video za madarasa yao, na wao wenyewe wakaanza kufasiri: hapa nilikuwa nafanya nini, kwa nini, mwenzangu ameona nini ambacho mimi sikukiona. Nadharia aliyoitoa, ambayo leo inanukuliwa duniani kote, ilipita mezani pao kabla ya kufika katika majarida.

Na faida yake ilionekana. Wawili kati ya walimu hao walifundisha kusoma kwa njia zinazopingana: mmoja kwa mtindo wa kisasa wa wakati ule, wa kuanzia hadithi nzima, mwingine kwa mtindo wa zamani wa sauti na silabi. Mtafiti mwenye hojaji angewaweka katika visanduku viwili, akalinganisha visanduku, akaandika hitimisho. Walimu walipozungumza wao kwa wao, ilionekana kwamba kilichowaunganisha hakikuwa mbinu. Kilikuwa namna walivyomwona mtoto: wote wawili walimchukua kama mtu anayeweza, wakamdai kazi ngumu. Kisanduku cha kuweka alama kwa jambo hilo hakikuwepo, kwa sababu aliyeandika visanduku hakujua kwamba jambo hilo lipo.

Hata hivyo sitaki kuisifia kazi hiyo kupita kiasi. Majina halisi ya walimu hao hayamo kitabuni. Yapo majina ya kubuni. Inawezekana wenyewe walitaka hivyo, inawezekana ndiyo taratibu ya chuo kikuu. Lakini matokeo yake ni yaleyale ya daftari langu: profesa ana jina, mwalimu hana.

Ni vizuri pia kukumbuka yanayotokea mwalimu asiposikika. Kwetu sisi wa lugha za Kiafrika kisa cha Oakland kina utamu wake na uchungu wake. Tarehe 18 Desemba 1996 bodi ya shule za mji huo ilipitisha azimio lililosema kwamba lugha ya wanafunzi Weusi inatokana na lugha za Afrika Magharibi na za Niger-Congo. Naam, Niger-Congo, familia yetu, ile tunayoichora kama mti mwaka wa kwanza. Wanaisimu wengi hawakubali uainishaji huo, nami sikubali. Azimio lilikuwa na maneno mengine yaliyosomeka kana kwamba lugha inarithiwa kwa damu; bodi ikalazimika kuyabadilisha Januari 1997. Magazeti na wachekeshaji walikuwa wameshapata chakula chao. Chama cha Wanaisimu cha Marekani kikatoa tamko la kutetea kiini cha jambo, lakini kelele zilikuwa zimewazidi.

Wakati huohuo, ndani ya mji uleule, shule ya msingi ya Prescott ilikuwa na walimu waliokuwa wakiifanya kazi yenyewe bila kelele. Walifuata mpango wa jimbo la California ulioanza mwaka 1981: kumfundisha mtoto Kiingereza sanifu kwa kulinganisha na usemi wa nyumbani kwake, bila kuudharau. Mmoja wao, Carrie Secret, mwalimu wa miaka mingi, baadaye alieleza kwa urefu alivyofanya, na maelezo yake ni isimu linganishi safi kabisa: watoto wanaichukua sentensi ya nyumbani, wanaiweka kando ya sentensi ya kitabu, wanatafuta kilichobadilika. Taifa zima lilibishana juu ya mti wa familia ya lugha, na walimu waliokuwa na jibu la darasani wakawa mfano wa pembeni. Mimi huwa najiuliza azimio lingesomekaje kama lingeandikwa kwa mkono wa watu wa Prescott kuanzia mstari wa kwanza.

Nimeahidi aibu yangu.

Kazi yangu ya kumaliza mzunguko wa kwanza ilihusu kubadili msimbo katika darasa la tatu la shule moja ya msingi huko Katuba. Nilirekodi masomo kumi na mawili ya mwalimu mmoja, mama wa makamo mwenye watoto zaidi ya sitini darasani. Nikamjazisha hojaji ya maswali ishirini na mawili. Nikahesabu kila mara alipotoka katika Kifaransa kwenda Kiswahili, nikatoa asilimia, nikachora jedwali la safu mbili: Kifaransa, Kiswahili. Hitimisho langu lilikuwa kwamba mwalimu anahamia Kiswahili pale watoto wanaposhindwa kuelewa Kifaransa. Jopo lilipenda jedwali. Nilitetea vizuri. Hakuna aliyeniuliza kama mwalimu mwenyewe ameliona, na hakika jopo haliwezi kulaumiwa peke yake, kwani hata mimi sikuwahi kulifikiria.

Miezi miwili baadaye nilikutana naye sokoni. Akaniuliza kama nilipita. Nikasema nimepita. Akasema, basi niletee nione. Nilimpelekea nakala kwa adabu tu, nikidhani atatazama jalada, atanipongeza na kuirudisha. Aliisoma yote, katika mapumziko, kalamu mkononi. Nilipokwenda kuichukua akanionyesha jedwali na kuniuliza kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Mwana, miye niko wapi mu hii karatasi?"

Nikamwambia, Mama Mwalimu, hapa, katika safu ya pili. Akatikisa kichwa. Akasema mimi sizungumzi Kiswahili kimoja darasani. Kanuni ya hesabu naitoa kwa Kifaransa kwa sababu mtihani utakuja kwa Kifaransa. Kiswahili bora, cha kitabu, natumia tunaposoma, na ninapotaka watoto wajue kwamba sasa ni kazi ya heshima. Lakini nikitaka kujua mtoto amefikaje kwenye jibu lake, namuuliza kwa Kiswahili cha nyumbani, cha Lubumbashi, "njo ulifanya je?", kwa sababu nikimuuliza kwa Kifaransa au kwa Kiswahili bora, ananirudishia kanuni kama nilivyoisema. Haniambii alichofikiri. Akafungua ukurasa wa mfano wangu wa saba, ambao niliuandika kama "kushindwa kwa Kifaransa", akasema: huyu mtoto hakushindwa, alipata jibu. Nilitaka kujua kama amemwibia jirani yake.

Nilirudi nyumbani nikazisikiliza rekodi upya. Ana haki. Karibu kila mahali alipotumia Kiswahili cha Lubumbashi linafuata swali la aina moja, na karibu kila mahali alipotumia Kiswahili bora kuna kitabu mkononi. Ushahidi wote ulikuwa ndani ya data zangu. Mimi, mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, mzaliwa wa mji huu, ninayezungumza aina zote mbili kila siku, nilizitupa katika safu moja kwa sababu vitabu nilivyosoma vilikuwa na safu mbili. Kazi hiyo sasa iko katika maktaba ya kitivo, na mwanafunzi wa mwaka ujao anaweza kuinukuu.

Tazameni basi maneno tunayotumia. Katika hati za miradi ya elimu mnakutana mara kwa mara na "kuwashirikisha walimu". Kushirikisha ni kauli ya kutendesha. Yuko mmoja anayewafanya wengine washiriki. Mradi ni wake, mlango ni wake, na anaweza kuufunga. Katika vitabu vya mbinu za utafiti mwalimu ni "mtafitiwa", kauli ya kutendwa, au "mtoa habari", kana kwamba habari ni maji na yeye ni bomba. Kushirikiana ni kauli nyingine, ambamo kila upande unatenda na kutendewa. Ladson-Billings alijaribu kauli hiyo. Mimi nilibaki katika ile ya kutendwa, na matokeo mmeyaona.

Kuna watakaosema kwamba mwalimu akiingia katika uchambuzi, ukweli utapindishwa, kwa kuwa atatetea kazi yake. Inaweza kutokea. Mama Mwalimu hakuwa sahihi kwa kila jambo. Kuna sehemu alidai kwamba hachanganyi kabisa, na rekodi inaonyesha kwamba anachanganya. Tulibishana juu ya hilo, na ubishi huo ulinifundisha zaidi ya hojaji nzima. Anayetetea kazi yake ana sababu ya kuisoma jedwali kwa makini, na hiyo ni zaidi ya nilichokipata kutoka kwa msomaji mwingine yeyote.

Pingamizi lenye uzito ni lingine, nalo alilitoa yeye mwenyewe: muda. Tangu shule za msingi za serikali zilipofanywa za bure mwaka 2019, madarasa yamejaa. Mwalimu anayesahihisha madaftari sitini kwa taa ya simu hana saa za kutuzawadia sisi ili tupate diploma. Huko Marekani pia walimu Weusi wamelalamika kwamba wanaitwa katika kila kamati kwa sababu ya rangi yao, bila kupunguziwa kazi wala kulipwa. Kwa hiyo ushirikiano usiolipwa ni unyonyaji wenye jina zuri. Mradi unaopata fedha za mafuta ya gari na za vyakula vya warsha upate na fedha za saa za mwalimu. Kwa sisi wanafunzi tusio na fedha, tunaweza walau kubeba madaftari sita na kuyasahihisha.

Ninachoomba kwa kitivo ni kidogo sana, na hakihitaji bajeti. Kazi yoyote iliyotokana na darasa la mtu isitetewe kabla mwenye darasa hajasoma majedwali na kuandika maoni yake, hata nusu ukurasa, na nusu ukurasa huo uwekwe ndani ya kazi. Na aulizwe kama anataka jina lake liandikwe au lifichwe. Mimi niliandika "mwalimu M." bila kumuuliza. Yeye anasema angependa jina lake lionekane, wajukuu wake waone. Sijaliandika hapa kwa sababu ruhusa hiyo tumekubaliana ni ya memwari, ambayo naiandika upya mwaka huu pamoja naye.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea jedwali jipya la safu tatu. Alilitazama kwa muda, akasema bado. Kuna Kitshiluba. Watoto wengi wa mtaa ule wazazi wao walitoka Kasai, na mtoto akilia, yeye humtuliza kwa lugha ya bibi yake, kwa sauti ya chini, karibu na sikio. Kinasa sauti changu kilikuwa juu ya meza ya mbele.